Sahani ya Mwanafunzi Mwanamichezo: Kupanga Mlo kwa Chakula cha Sokoni Kwetu

Ifikapo saa kumi jioni siku za shule, viwanja vya Tanganyika Packers pamoja na viwanja vya shule zilizomo katika Kata ya Kawe hujaa vijana. Wapo wanaokimbia, wapo wanaocheza mpira wa miguu, wapo wanaorusha pete na wapo wanaojifunza kuruka juu. Kiwanda kilichoviachia viwanja hivyo jina lake kilikuwa kikisindika nyama ya ng'ombe na kuitia makoponi. Leo kiwanda kimenyamaza, lakini mahali pale pangali panatukumbusha swali la chakula. Kijana yule anayekimbia juani, amekula nini tangu alfajiri?

Kwa wanafunzi wengi wa kutwa jibu linasikitisha. Mwanafunzi huamka saa kumi na moja alfajiri ili awahi daladala. Hunywa kikombe cha chai ya rangi na kula andazi moja. Saa nne asubuhi, akiwa na shilingi chache mfukoni, hununua vipande viwili vya mihogo ya kukaanga au aiskrimu ya ukwaju; asipokuwa nazo, hunywa maji akarudi darasani. Saa kumi jioni yuko uwanjani. Mlo wake wa kwanza ulio kamili ni ule wa saa mbili usiku nyumbani. Zimepita takriban saa kumi na nne, na ndani yake mna masomo ya siku nzima na mazoezi ya saa moja na nusu.

Makala haya yanaeleza mahitaji ya mwili wa kijana wa namna hiyo, namna ya kuyatimiza kwa vyakula vinavyopatikana katika masoko yetu, na mahali ambapo mzazi anaweza kupata msaada.

Kwa nini mahitaji yake ni tofauti

Mwili wa mwanafunzi mwanamichezo una wadai wawili. Wa kwanza ni ukuaji. Kati ya umri wa miaka 10 na 19 mifupa hurefuka na kukomaa, misuli huongezeka, damu huongezeka, na kwa wasichana hedhi huanza. Wa pili ni mazoezi, ambayo hutumia nguvu na kuichosha misuli inayohitaji kujengwa upya kila siku. Chakula kisipotosha, wadai hao hugawana kidogo kilichopo, na mara nyingi ukuaji ndio unaopunjwa.

Dalili hazionekani kwa siku moja. Kijana huanza kuchoka mapema, husinzia darasani, huugua mafua mara kwa mara, huumia na kuchelewa kupona. Msichana anaweza kukosa hedhi kwa miezi kadhaa, na mifupa inaweza kupata nyufa kwa sababu ya mazoezi tu, pasipo kuanguka. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliipa hali hiyo jina rasmi na kuitambua kuwa ni tatizo la afya linalowapata wanamichezo wa kike na wa kiume: upungufu wa nguvu ya chakula ikilinganishwa na kazi inayofanywa na mwili. Kwa hiyo mwalimu au mzazi anapomwona kijana amelegea uwanjani, asikimbilie kumwita mvivu. Amwulize kwanza alikula nini, na lini.

Makundi sita ya chakula

Mwongozo wa kitaifa wa ulaji nchini mwetu unagawa vyakula katika makundi sita, na mwanamichezo anahitaji yote.

Kundi la kwanza ni nafaka, mizizi na ndizi za kupika: mahindi, mchele, mtama, ulezi, viazi, mihogo na magimbi. Hivi hutoa wanga, ambao ndio mafuta ya taa ya mwili unaofanya mazoezi. Sehemu ya wanga huhifadhiwa katika misuli na katika ini. Akiba hiyo ikiisha, miguu huwa mizito hata kama moyo wa kushinda bado upo.

Kundi la pili ni jamii ya kunde, karanga na mbegu: maharage, kunde, choroko, dengu, mbaazi, karanga na ufuta. Kundi la tatu ni vyakula vya asili ya wanyama: samaki, dagaa, mayai, maziwa, nyama na maini. Makundi haya mawili hutoa protini inayojenga misuli na kuikarabati.

Kundi la nne ni mbogamboga, kama mchicha, matembele, kisamvu na majani ya maboga. Kundi la tano ni matunda: embe, papai, chungwa, nanasi, pera na ndizi mbivu. Haya hutoa vitamini na madini. Kundi la sita ni mafuta yenye afya, yatumike kwa kiasi.

Hapa kuna jambo moja linalofaa kuzingatiwa na kila kaya. Unga wa dona hubaki na sehemu za punje zenye nyuzinyuzi, vitamini na madini, ambazo hupotea mahindi yanapokobolewa kuwa sembe. Familia inayohamia dona inaongeza virutubishi katika sahani pasipo kuongeza chakula kingine. Wanaonunua unga wa kiwandani waangalie iwapo kifungashio kinaonesha kwamba umeongezwa virutubishi. Kanuni za nchi za mwaka 2011 ziliweka msingi wa uongezaji huo.

Hesabu ya siku moja

Tumchukue mwanafunzi mwenye uzito wa kilo 50 anayefanya mazoezi kwa takriban saa moja na nusu kwa siku. Wataalamu wa lishe ya michezo hushauri gramu 5 hadi 7 za wanga kwa kila kilo ya uzito kwa mazoezi ya kiasi hicho. Kwa kijana wetu ni gramu 250 hadi 350 kwa siku. Protini inayomfaa ni gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo, yaani gramu 60 hadi 80.

Tarakimu hizo zinaweza kumtisha mzazi, lakini zikiwekwa sahanini hazitishi. Tazama mpangilio huu:

Saa 11:30 alfajiri: uji wa dona (unga gramu 50) uliotiwa karanga za kusaga na sukari vijiko vidogo viwili, pamoja na yai moja la kuchemsha.

Saa 4:00 asubuhi: viazi vitamu viwili vya kuchemsha, vya ukubwa wa kati.

Saa 7:00 mchana: wali (mchele gramu 100 kabla ya kupikwa), kikombe cha maharage yaliyopikwa, mchicha na chungwa moja.

Saa 9:00 alasiri: ndizi mbivu moja na maji.

Saa 12:00 jioni, baada ya mazoezi: bilauri moja ya maziwa au mtindi.

Saa 1:30 usiku: ugali wa dona (unga gramu 120), dagaa wakavu gramu 30 waliopikwa kwa nyanya na vitunguu, na matembele.

Tuhesabu wanga. Uji hutoa takriban gramu 50, viazi 50, wali 79, ndizi 25 na ugali 90. Jumla ni gramu 294, kabla ya kuhesabu maharage, maziwa na chungwa. Tuhesabu protini. Nafaka zote za siku hutoa takriban gramu 20, maharage 15, yai 6, karanga 7, maziwa 8 na dagaa 17. Jumla ni gramu 73. Kijana amefika, wala hapakuwa na kopo la unga wa protini wala chakula kilichotoka ng'ambo.

Mpangilio huu si amri. Yai lisipopatikana, ongeza karanga. Vibua wakiwa bei nafuu sokoni, wachukue nafasi ya dagaa. Mihogo ya kuchemsha inaweza kusimama mahali pa viazi, na choroko mahali pa maharage. Kinachotakiwa kubaki palepale ni kanuni: kila mlo mkuu uwe na chakula cha wanga, chakula cha protini, na mboga au tunda, na kati ya mlo na mlo pasipite saa nyingi mno.

Saa ya kula

Chakula kizuri kilicholiwa saa isiyofaa hakimsaidii mwanamichezo inavyopasa. Mlo mkuu unahitaji saa tatu hadi nne tumboni kabla ya mazoezi mazito. Ndiyo maana chakula cha mchana cha saa saba shuleni kina thamani kubwa kwa kijana anayeingia uwanjani saa kumi. Anayesubiri kula saa tisa na nusu atakuwa na uchaguzi mgumu: ama akimbie akiwa amevimbiwa, ama akimbie na njaa.

Saa moja kabla ya mazoezi panafaa kitu chepesi chenye wanga kinachomeng'enywa upesi, kama ndizi mbivu, tende chache au kikombe cha uji mwepesi. Chipsi, sambusa na mihogo ya kukaanga haifai saa hiyo, kwa sababu mafuta huchelewesha usagaji wa chakula tumboni.

Baada ya mazoezi mwili uko tayari kupokea. Mwanamichezo ale au anywe kitu chenye wanga na protini mapema, hasa ikiwa kesho yake ana mazoezi mengine. Maziwa na ndizi, au uji wa karanga, hutosha hadi chakula cha usiku kiive. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Kwa mwanamichezo neno hilo ni kweli kabisa: kazi ya juani haikamiliki mpaka amekaa kivulini akala.

Siku ya mashindano si siku ya kujaribu chakula kipya. Ale kile alichokizoea katika mazoezi, kwa saa zilezile. Katika mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari, mwanafunzi anaweza kucheza zaidi ya mara moja kwa siku. Viongozi wa timu wabebe ndizi, machungwa, karanga na maji safi, wasitegemee kwamba mwuzaji atapatikana karibu na uwanja.

Maji na joto la pwani

Dar es Salaam ni jiji la joto na unyevu. Jasho halikauki upesi, mwili hupoa kwa shida, na maji hupotea. Kijana wa kilo 50 anywe mililita 250 hadi 500 za maji katika saa mbili hadi nne kabla ya mazoezi, kisha anywe kidogo kidogo kila mapumziko yanapopatikana. Kipimo rahisi ni mkojo: ukiwa na rangi ya manjano hafifu, maji yanatosha, ukiwa na rangi nzito, hayatoshi.

Kwa mazoezi yasiyozidi saa moja, maji safi na salama yanatosha. Yakizidi hapo, uji mwepesi au maji ya matunda yaliyozimuliwa huongeza nguvu, na jasho likiwa jingi chakula cha kawaida chenye chumvi kiasi hurudisha chumvi iliyopotea. Dafu ni kinywaji kizuri cha pwani, ila lina chumvi kidogo, hivyo lisichukuliwe kuwa linatosheleza kila kitu. Kijana anayepata kizunguzungu, kichefuchefu, kuchanganyikiwa au ngozi kuwa ya moto sana aondolewe juani mara moja, apozwe kwa maji na kupepewa, na apelekwe kituo cha afya.

Wasichana na madini ya chuma

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulionesha kwamba takriban asilimia 45 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 nchini walikuwa na upungufu wa damu. Umri huo unawagusa wasichana wetu wa sekondari. Damu ndiyo inayobeba oksijeni hadi kwenye misuli. Ikipungua, hakuna mazoezi yatakayoziba pengo hilo.

Madini ya chuma hupatikana kwa wingi katika maini, nyama nyekundu na dagaa, na pia katika maharage, dengu na mboga za majani. Chuma cha mimea hufyonzwa kwa shida zaidi, lakini vitamini C hukisaidia. Kwa hiyo chungwa, pera, embe au limau lililokamuliwa juu ya mboga lina kazi kubwa. Chai na kahawa hufanya kinyume chake: huzuia ufyonzaji wa chuma. Tabia ya kushushia chakula kwa chai ya rangi inafaa iachwe. Chai inywewe walau saa moja mbali na mlo.

Tukumbuke pia kwamba malaria na minyoo hupunguza damu. Msichana, au mvulana, anayechoka isivyo kawaida, mwenye viganja vyeupe na anayehema upesi, apelekwe kupimwa wingi wa damu. Vidonge vya madini ya chuma vitumike kwa ushauri wa mtaalamu wa afya.

Mwezi wa Ramadhani

Wanafunzi wengi wa kata yetu hufunga, na mwanamichezo anaweza kufunga na kuendelea na mazoezi endapo mpango utabadilishwa. Mazoezi mazito yasogezwe yawe baada ya futari, au yawe mepesi na yafanyike muda mfupi kabla ya magharibi ili maji na chakula vifuate mara. Futari ianze na maji, tende na uji, kisha viazi, mihogo au magimbi pamoja na maharage au samaki. Vya kukaanga viwe vichache. Daku isiachwe, kwani ndiyo kifungua kinywa cha mfungaji: iwe na wanga, protini na maji ya kutosha. Walimu wa michezo wazungumze na wanafunzi na wazazi mapema, kabla ya mwezi kuandama.

Mambo ya kuepuka

La kwanza ni vinywaji vya kuongeza nguvu vinavyouzwa madukani. Nguvu wanayoisikia vijana hutokana na kafeini na sukari nyingi. Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kilieleza mwaka 2011 kwamba vinywaji hivyo havina nafasi katika mlo wa watoto na vijana. Fedha ya chupa moja hununua ndizi na karanga, na hivyo ndivyo vinavyojenga.

La pili ni unga na vidonge vya kuongeza misuli. Tumeona kwamba sahani ya kawaida hutosheleza protini. Zaidi ya hayo, baadhi ya bidhaa hizo huwa na dawa zilizopigwa marufuku michezoni ambazo hazikuandikwa kwenye kopo.

La tatu ni kumwambia mtoto apunguze uzito ili akimbie vizuri. Kijana anayekua hapaswi kunyimwa chakula kwa ajili ya medali. Penye shaka juu ya uzito, aulizwe Afisa Lishe.

Nani atakayepika

Hapa ndipo penye ugumu wenyewe. Ada ilifutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, na baadaye kidato cha tano na sita mwaka 2022, lakini chakula cha mchana cha mwanafunzi wa kutwa kwa sehemu kubwa kinategemea makubaliano ya wazazi na shule. Penye makubaliano, watoto hula pamoja. Pasipo makubaliano, aliye na fedha hula na asiye nazo hutazama, kisha wote wawili hupangwa katika timu moja na kupimwa kwa saa moja.

Mwongozo wa kitaifa wa huduma ya chakula na lishe shuleni unaweka wajibu huo mikononi mwa jamii, shule na halmashauri kwa pamoja. Wazazi wanaoona kwamba mlo kamili ni mzigo mkubwa kwa sasa wanaweza kuanza na kilicho chepesi: sufuria la uji wa dona na karanga kwa shule nzima saa nne asubuhi. Michango inaweza kuwa unga, karanga, au zamu ya kupika, isiwe fedha peke yake. Kaya isiyoweza kuchangia ijulikane kwa siri na mtoto wake asirudishwe mlangoni. Hesabu ya michango isomwe katika kila kikao cha wazazi, maana mpango wa chakula shuleni hufa upesi zaidi kwa kukosa uaminifu kuliko kwa kukosa unga.

Huduma zilizopo na namna ya kuzifikia

Kwa masuala ya chakula shuleni, anza na Mwalimu Mkuu au Mkuu wa Shule, kisha kamati ya shule kwa shule za msingi au bodi ya shule kwa sekondari. Unaweza pia kuomba suala hilo liingizwe katika ajenda ya mkutano wa mtaa wako kupitia Mwenyekiti au Afisa Mtendaji wa Mtaa.

Kwa ushauri wa ulaji, kupima uzito na urefu, au kumsaidia kijana mwenye dalili zilizotajwa hapo juu, fika katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe na uombe kuonana na mtoa huduma za lishe. Shule au kikundi cha michezo kinachohitaji mafunzo kinaweza kumwandikia Mkurugenzi wa Manispaa kikimwomba Afisa Lishe, kwa kupitia Ofisi ya Mtendaji wa Kata. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii waliopo mitaani nao waulizwe. Wao ndio walio karibu zaidi na kaya zetu.

Mwezi Septemba mwaka 2025, jijini Tokyo, Mtanzania Alphonce Simbu alishinda mbio za marathoni za ubingwa wa dunia. Yeye na mpinzani wake waliandikiwa muda mmoja wa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na picha ya mwisho wa mbio ndiyo iliyoamua. Baada ya kilomita 42 tofauti ilikuwa chini ya sekunde moja. Hatujui ni mtoto gani kati ya wanaokimbia leo viwanja vya Kawe atakayefika huko, na wengi wao hawatafika; watakuwa walimu, mafundi, wauguzi na wafanyabiashara. Lakini wote wanahitaji mifupa imara, damu ya kutosha na akili isiyosinzia darasani. Basi mzazi anayesoma makala haya na aanze na swali moja jioni hii, mtoto arudipo kutoka uwanjani: leo mchana umekula nini?